Tangazo la Taka kwa Herufi za Harusi

Mpiga chapa yule mtaani walimwita Mikia, kwa sababu ya herufi zake. Zilikuwa herufi za madaha hasa: kila moja inaburuta mkia kama shela la bibi harusi, na K peke yake ilitaka nafasi ya kugeukia. Miaka thelathini alizichapia kadi za harusi na vyeti, na herufi nyingine hakuziingiza dukani. Zile za kawaida aliziita herufi za magunia.

Sasa Jumamosi wakwe wanakuja kumposa binti yake, na mlangoni kwake ndipo mtaa mzima unapomwaga taka. Lundo limeshafika dirishani.

"Mama wa kijana akiliona hili, anageuka na posa yake," mkewe alisema. "Andika tangazo. Tena uliandike kwa mkaa, likaripie watu."

"Mkaa? Mimi?"

Akachapa kwa wino wa dhahabu, kadi nene, maua pembeni: *Ni marufuku kutupa taka hapa.* Akaibandika ukutani, akarudi nyuma hatua tatu, machozi yakamlengalenga.

Asubuhi yake akamkuta fundi baiskeli mlangoni, suti na tai, ameshika ndoo ya maganda iliyofunikwa kitambaa cha kufuma.

"We bwana, unafanya nini?"

"Nimeona kadi."

"Umeisoma?"

"Kadi kama ile mtu anaisoma? Mtu anaoga, anakuja."

Kufikia Ijumaa ilikuwa foleni, marashi yanapigana na uvundo. Shangazi mmoja alinuna kwa kuwekwa nyuma ya watu waliokuja na taka kidogo kuliko zake. Lundo likagusa bati.

"Nilisema mkaa," mkewe akamkumbusha.

Mikia akameza kiburi, akachukua mkaa. Lakini mkono ulishazoea: kila alichoandika kikaota mkia. Watu wakampigia makofi.

Jumamosi saa nne, mama wa kijana akatokea kwenye kona na ujumbe wake. Akaiangalia foleni, akaliangalia lundo. Akawanong'oneza wenzake, wote wakageuka, wakaondoka.

Mikia akaketi kizingitini, kichwa mikononi. "Mwanangu nimemponza kwa mikia," akasema. Mkewe akauokota ule mkaa, akaurudisha jikoni.

Nusu saa ikapita. Mara, hodi! Yule mama amerudi, ujumbe nyuma yake, mkononi kifurushi chenye utepe, kinachuruzika.

"Utuwie radhi, mkwe. Tumefika tukaona wenzetu wote wamebeba, sisi mikono mitupu. Aibu gani hiyo! Ikabidi turudi nyumbani tukafagie."

Mikia akakipokea kwa mikono miwili. Kikamlowesha shati hadi kitovuni.

"Mmejisumbua bure, mkwe."

"Hata!" Yule mama akainua macho hadi kilele cha lundo. "Nyumba inayoheshimiwa namna hii, mwanangu asipooa hapa ataoa wapi?"

Ndani mkewe akapiga vigelegele, pua ameibana.