Zamu ya Kumchunga Nyakuoth

Kazi ya Awoi ilikuwa kukaa. Alipewa kigoda, akawekwa mbele ya selo ndogo ya mwisho, na kila robo saa alichungulia kwenye kitundu cha mlango, kisha akamwambia Madam Abigael, askari wa zamu, aliyemo ndani anafanya nini. Amekaa. Amelala. Anatazama ukuta. Madam aliandika kwenye daftari. Ilikuwa mwezi wa tatu 2013, wiki mbili baada ya uchaguzi, na jua la Lodwar lilikuwa limeyashika mabati ya gereza mpaka yanalia yenyewe.

Awoi naye alikuwa mfungwa. Alipewa miezi minane kwa kupika pombe ya chang'aa, na alikuwa amebakiza miwili. Alifanywa nyapara wa wanawake kwa sababu hakuwa na mdomo mwingi, tena masikio yake yalisifiwa. Masikio hayo ndiyo yaliyomtia Nyakuoth kwenye selo ile.

Nyakuoth alikuwa mkimbizi wa Sudan Kusini aliyekaa kambini Kakuma. Alikamatwa Kalemng'orok, kwenye kizuizi cha barabara ya Kitale, bila karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini. Siku tatu za kwanza gerezani hakugusa chakula. Jumamosi, Awoi alipompelekea ugali, alimshika mkono akasema, na kurudia, "Nataka kujiua, dada. Nataka kujiua."

Neno kama hilo halilaliwi. Awoi alikwenda mbio kwa Madam, na kabla jua halijazama Nyakuoth alikuwa amevuliwa leso, mkanda na shanga za shingoni, asije akajidhuru, akafungiwa peke yake.

Sasa ilikuwa Jumanne. Alhamisi gari lingempeleka Nairobi, hospitali ya wagonjwa wa akili, na wanawake wote mle ndani walisema anayekwenda huko hukaa miezi mingi kabla hajarudi.

Asubuhi hiyo dada yake Awoi alikuwa amekuja kumwona kutoka Nakalale na habari za binti yake. Awoi alirudi kwenye kigoda akicheka peke yake.

"Umecheka," sauti ikasema kutoka ndani.

"Mtoto wangu ameota jino."

"Mzuri. Wewe unajiua mtoto yako iko sawa. Mimi hapana jiua."

Awoi aliinua kichwa. Mtu hujiua vipi kwamba mtoto wake yuko sawa? Alilitafuna neno lile polepole, kama anayekula wali wenye mchanga. Akasogeza kigoda mlangoni.

"Nyakuoth. Jina langu unajiua?"

"Najiua. Awoi."

"Na la yule madam?"

"Najiua. Abigael. Yeye iko na miguu kubwa."

Awoi alitaka kucheka, kisha neno likamfungukia. Kujua. Jumamosi ile mwanamke huyu alikuwa anataka kujua.

"Kujua nini?" akauliza taratibu.

"Jal. Mtoto yangu. Kifua yake ilikuwa inakoroma, nikaacha yeye kwa jirani yangu Anyieth, nikaenda kutafuta kaka yangu Kitale. Nikasema siku mbili, narudi. Leo siku ya nane. Iko hai, amekufa, mimi hapana jiua."

Awoi hakuondoka hapo. Alijua akienda kusema alisikia vibaya, unyapara umekwisha, pengine na ile barua nzuri ambayo Madam aliahidi kumwandikia kwa mkubwa wa gereza ili apunguziwe siku. Lakini si hilo tu lililomweka. Safari hii alitaka kuuliza mpaka mwisho.

"Nikuulize kitu kibaya. Kufa." Akafumba macho, akalaza kichwa begani, neno lisiteleze tena. "Unataka kufa?"

Uso wa Nyakuoth ulikuja kwenye kitundu.

"Ile siku, hapana," akasema. "Lakini sasa nimekaa na ukuta siku tatu. Leo asubuhi nimefikiria. Kidogo."

Awoi alimweleza Madam yote, amesimama, mikono nyuma.

"Wewe Awoi. Si uliniambia umesikia kwa masikio yako mawili?"

"Nilisikia, madam. Yalisikia vibaya."

"Basi nikamtoe?"

"La, usiache kumchunga. Neno la kwanza halikuwa kweli, madam. Hili la pili limeanza kuwa kweli, na sisi ndio tuliolipanda."

"Sisi nani?"

"Mimi."

Madam aliuma kalamu. "Na ripoti imeshafika kwa mkubwa. Nikamwambie mtu anapelekwa Nairobi kwa sababu ya i moja?"

"Mwambie ni Awoi. Unyapara mpe mwingine. Lakini kwanza tupige simu Kakuma."

Madam alimtazama, kisha akatoa simu yake mwenyewe, akaenda kufungua selo. Nyakuoth aliitaja namba ya Anyieth kwa moyo, tarakimu baada ya tarakimu, kama mtu anayesali. Mara ya kwanza haikupatikana. Mara ya pili sauti ya mwanamke ilipasuka kwa Kiarabu cha Juba, ikagomba bila kupumua. Nyakuoth alisikiliza, akateleza na ukuta mpaka chini, akaanza kulia kwa sauti.

"Amekufa?" Madam akanong'ona.

"Iko hai." Nyakuoth alijifuta kwa mkono. "Alilala hospitali siku nne, ametoka. Anyieth anatukana mimi. Anasema mtoto amefukuza kuku yake yote, kuku hapana taga tena." Akavuta kamasi. "Ile ugali iko?"

Jumatano daktari alikuja na mama mmoja wa kanisani wa kutafsiri. Aliongea na Nyakuoth saa nzima mlango ukiwa wazi. Alipotoka alifuta safari ya Nairobi, ila uchungaji hakuufuta. Alisema uendelee mpaka atakaporudi wiki ijayo, na mgonjwa arudishwe chumba kikubwa kwa wenzake. Asiachwe peke yake tena.

Unyapara ulikwenda kwa Akuwam, mwizi wa mbuzi mwenye sauti ya radi. Barua Madam hakuitaja, na Awoi hakuuliza. Jioni alibeba mkeka wake mpaka ukutani, alikotandika Nyakuoth.

"Wewe tena?" Nyakuoth akasema. "Wamekutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Sogea huko."