Akanawe, Tupige Picha

Insha ilikuwa ya Hilda. Shule nzima pale Chamwino ilijua hivyo, maana Mwalimu Zablon mwenyewe aliisoma mbele ya darasa, akasema hajawahi kuona mwanafunzi akiwalilia wafu wa bomu la Hiroshima namna ile. Siku hiyo Hilda alirudi nyumbani miguu haigusi chini. Tarehe sita Agosti, siku ya kumbukumbu, angeisoma mwenyewe mbele ya mgeni rasmi. Ndivyo alivyojidanganya, maskini.

"Insha yako ataisoma Ritha," mwalimu alimwambia juma moja kabla. "Wewe utakuwa kwenye igizo. Majeruhi."

"Lakini mwalimu, si niliandika mimi?"

"Wenzako itabidi tuwapake majivu na rangi. Wewe umekuja umekamilika." Walimu wawili ofisini wakacheka hadi chai ikawapalia.

Hilda alikuwa na miaka minne karai la mafuta ya maandazi lilipommwagikia. Mafuta yalimla shavu la kushoto, sikio na nusu ya shingo. Tangu hapo darasani huketi ubavu huo ukiwa ukutani.

Tena mwalimu alikata sentensi aliyoipenda kuliko zote: "Waliopona walikimbiwa; watu hawakutaka kuwaoa wala kula nao." Alisema inaharibu shughuli.

Siku ikafika, na upepo wa Agosti ukipeperusha vumbi la uwanjani. Hilda alilala chini kati ya majeruhi wenzake, midomo yake ikimfuatisha Ritha neno kwa neno. Walipofika kwenye ile sentensi, Ritha aliiruka, Hilda akabaki nayo mdomoni.

Mgeni rasmi, mama mmoja mnene wa mjini aliyebobea kwenye semina za amani, alilia mbele za watu. "Tusiwasahau wale ndugu zetu," alisema. "Tuwakumbatie." Kisha akamwona Hilda akijikung'uta. "Jamani, huyu mmempaka nini? Mpaka nimeogopa! Haya, akanawe tupige picha."

Mwalimu Zablon alikuwa na mdomo, akaufumba. Alileta beseni la maji, akamnong'oneza, "Nawa tu, usituaibishe."

Hilda akapiga magoti, akanawa.

"Bado, sugua," mgeni alisema.

Akasugua. Mama wa watu, kwa wema wake, akainama kumsaidia kwa pindo la kitenge. Vidole vyake viligusa shavu, vikasita, kisha akaruka nyuma na kujifuta mkono kwenye gauni, mara mbili.

Hilda alisimama, maji yakimchuruzika shingoni, akaona hana tena cha kuficha.

"Waliopona walikimbiwa," alisema kwa sauti. "Watu hawakutaka kuwaoa wala kula nao."

Mgeni alishamvuta Ritha ubavuni, akamkumbatia, akatabasamu.

"Binti," mpiga picha akamwita Hilda, "sogea pembeni kidogo. Unaingia kwenye picha."