Insha Aliyotaka Kusomewa Mama

Usingizi unamchukua Nakijwa saa saba mchana, akiwa ameketi juu ya godoro lililotandikwa chini chumbani kwa mama yake, na haumchukui kwa adabu. Unamwangusha shingo, kidevu kinagota kifuani, na karatasi mbili zinabaki zimelala mapajani. Nje wanawake wanapika, wanaume wanabishana kuhusu turubai lililochanika, na mazishi ni saa tisa. Karatasi hizo ndizo wasifu wa marehemu. Kwao, huko juu Upareni, ukisoma ukafika chuo, msiba ukiingia nyumbani hupewi sufuria wala jembe, unapewa kalamu. Wewe ndiye msomi, wamemwambia, tuandikie kitu ambacho watu watajua kimeandikwa na msomi. Naye yuko mwaka wa pili, anasomea balagha na uandishi, yaani ufundi wa kusema na kuandika mpaka mtu akusikilize na akubaliane nawe, kwa hiyo hakuwa na pa kukimbilia. Ameandika kama alivyofundishwa. Marehemu alijihusisha na kilimo cha tangawizi kwa kipindi cha takriban miaka thelathini. Marehemu alibainika kuwa na tatizo la moyo. Baba mdogo Elinihaki ameusoma akiwa amesimama, akasema hapa ndipo elimu inapoonekana. Nakijwa ameusoma mara nne na hajamwona mama yake hata mstari mmoja. Na lipo jambo jingine linalomkaba, ambalo hajamwambia mtu. Wiki tatu zilizopita mama alimpigia simu, akauliza huko chuoni wanafanya nini, naye akajibu kwa maringo kidogo kwamba ameandika insha, mwalimu ameisifu mbele ya darasa zima. Mama akasema, nisomee basi, nami nisikie. Nakijwa akasema, hutaelewa, mama, halafu naingia darasani. Mama akasema, haya mwanangu, kazi njema. Ilikuwa Jumapili. Mama alikuwa anatoka kanisani.

Sasa anainuka. Anadhani anakwenda jikoni kuomba maji ya kunawa uso, anavuka kizingiti, na badala ya uwanja wenye turubai anakuta barabara, ndefu, nyeupe, imechorwa mistari ya buluu kama daftari, na pembeni kushoto kuna mstari mmoja mwekundu unaokwenda mpaka macho yanachoka. Karatasi zake anazo mkononi. Na anajua, kama watu wanavyojua mambo ndotoni bila kuambiwa, kwamba mama yuko mwisho wa barabara hii, kwamba saa tisa haijafika, na kwamba akimfikia na kumsomea, basi neno lile la Jumapili litakuwa halijasemwa. Hilo tu ndilo analotaka. Anaanza kutembea, na mwanzoni mwa barabara kuna mtu amevaa koti la kijivu, kalamu nyekundu mfukoni, na mahali pa uso pana ngozi tupu, laini, bila jicho wala mdomo. Sauti anaijua, ni ya mwalimu wake wa balagha. Shikamoo, mwalimu. Marahaba, hadhira yako ni nani? Ndilo swali analowauliza kila Jumatatu kabla hata hajaweka mkoba mezani, na darasa zima huwa linacheka chinichini. Namtafuta mama, anasema Nakijwa. Sikuuliza unayemtafuta, nimeuliza unayemwandikia. Si ni yuleyule, mwalimu? Siku watakapokuwa yuleyule, anasema mtu wa koti, utakuwa umefika. Anamnyang'anya karatasi, anaandika kwa wino mwekundu pembezoni maneno mawili, mwandishi asionekane, anazirudisha, na Nakijwa anasema asante kwa sababu amezoea kusema asante akirudishiwa karatasi.

Barabara inaingia mjini bila kuacha kuwa barabara. Ni mji wa vioo, kuta vioo, milango vioo, hata sakafu ya soko ni kioo, na juu ya milango kuna vibao, Utangulizi, Hoja ya Kwanza, Hoja ya Pili, Hitimisho, kisha tena Utangulizi. Anajiangalia ukutani ili ajipange kanga, na hayupo. Karatasi zinaonekana, zinaelea zenyewe, aliyezishika hayumo. Anapita ukuta mwingine, hayumo. Watu wa mji wanampita, nao nyuso hawana, wanazungumza kwa heshima kubwa, inasemekana, yadaiwa, kwa mujibu wa, na hakuna anayemwambia mwenzake umeamkaje. Anamsimamisha mwanamke mmoja mwenye meza ya mboga zisizo na harufu. Samahani mama, umemwona mwanamke mfupi, anaitwa Eliwaza, analima tangawizi? Ushahidi uko wapi? anauliza mwanamke wa mboga. Ushahidi wa nini? Kwamba ulikuwa na mama. Nakijwa anaona hili limekaa vizuri, kwa ushahidi amejiandaa, anakohoa na kusoma, marehemu alijihusisha na kilimo cha tangawizi, na palepale soko linasogea mbali, hatua ishirini, hatua hamsini, mwanamke wa mboga anakuwa mdogo kule mbali. Anasoma sentensi ya pili ili kulirudisha, na mji mwingine unazaliwa katikati, na vioo vyake, na vibao vyake. Anakimbia huku akisoma, jamani, kwani ndiyo kazi aliyofundishwa, sentensi nzuri zimenyooka, hazina hata kosa, na hazina mtu ndani. Kadiri anavyosoma ndivyo barabara inavyoongezeka. Kengele ya kanisa inagonga mahali fulani. Inagonga mara nane.

Anaketi chini na kulia. Haililii balagha, anamlilia mama yake, kwa sauti, kama alivyokataa kulia tangu jana mbele ya watu kwa kuwa alikuwa na kazi ya kuandika. Na katikati ya kilio anajikuta anasema, bila kusoma popote, mama akipanda alivua viatu. Hakuna aliyemuuliza. Alivua viatu, anasema, akavipanga mwisho wa shamba visigino vikiangalia nyumbani, na alikuwa anaongea na mbegu ya tangawizi kama anayemlaza mtoto, na tukimcheka alitutupia udongo. Anapoinua macho soko limerudi, lile la kwanza, na limejaa harufu. Ukutani kwenye kioo kuna kisigino kimoja, chenye ufa, halafu mguu, halafu kanga, halafu yeye mwenyewe, macho yamevimba. Mwanamke wa mboga anamwonyesha mlango wa mwisho, usio na kibao. Ni pale? anauliza Nakijwa. Ni pale kama hutabisha hodi kwa karatasi, anasema mwanamke.

Ndani ni jiko la kwao, masizi ni yaleyale, na juu ya kigoda ameketi mtu anayekwangua tangawizi kwa kijiko. Uso hana. Lakini kidole gumba cha kulia kimepasuka pembeni na kimeingia rangi ya njano ambayo sabuni ilishindwa nayo miaka yote, na Nakijwa anamwita. Mama. Yule mtu haachi kukwangua. Nisomee basi, anasema, nami nisikie. Nakijwa anatazama karatasi, na wasifu haupo tena. Kuanzia juu hadi chini, kwa mwandiko wake mwenyewe, imeandikwa hutaelewa, hutaelewa, hutaelewa. Anaziweka jikoni, kwenye moto. Insha ile anaikumbuka. Anaanza kuisema, na sasa inabidi aseme yale ambayo wiki tatu amekuwa akiyakwepa hata peke yake. Insha ilihusu kumshawishi mtu bila maneno. Enhe, anasema mama. Nilitoa mfano wa mfanyabiashara mmoja wa kike, kwenye soko moja la milimani. Enhe. Mnunuzi akija akisema tangawizi hii imekauka, mwanamke huyo habishani naye. Anachukua kipande, anakivunja, anampa anuse, halafu ananyamaza. Enhe. Anaendelea kupanga vitu vyake mpaka yule mtu anajishawishi mwenyewe. Mwalimu alisema ukimya huo una jina vitabuni. Enhe. Mama, alikuwa ni wewe. Nilikuficha. Niliandika mfanyabiashara mmoja wa kike, nikasifiwa kwa ufundi wako, halafu nikakwambia hutaelewa. Umeelewa, mama? Nisamehe. Mama hasemi enhe. Anachukua kipande cha tangawizi, anakivunja, anakiweka mkononi mwa binti yake, na ananyamaza. Nakijwa ananusa. Anangoja. Mama anaendelea kupanga vitu vyake, kijiko hapa, maganda kule, na kengele inagonga, na bado ananyamaza.

Nakijwa, we Nakijwa, amka, wameshatoa jeneza. Ni baba mdogo Elinihaki mlangoni. Saa tisa. Anaamka shingo ikimuuma, karatasi ziko mapajani, wasifu ni uleule, neno kwa neno. Mkono wake unanuka tangawizi, lakini nyumba hii yote inanuka tangawizi, hata shuka, huo si ushahidi. Anavuka kizingiti kwa uangalifu, mguu mmoja kwanza, na uwanja upo, turubai lipo, watu wamejaa mpaka migombani. Anapewa kipaza sauti. Anazikunja karatasi mara nne na kuziweka ndani ya kiganja, na anasema, mama akipanda alivua viatu. Baba mdogo anakunja uso na kuangalia pembeni. Alivipanga mwisho wa shamba, visigino vikiangalia nyumbani. Na hapo, kutoka upande walikoketi wanawake, anasikia, enhe. Anatazama, na wanawake wote wamejifunika kanga mpaka machoni, hakuna uso hata mmoja wa kuutambua, safu nzima ya vichwa vilivyoinama bila sura, na hajui tena kama ameamka au barabara imeongezeka. Lakini neno alilisikia. Anaeleza soko, anaeleza kipande kinachovunjwa, anamtaja sasa kwa jina lake, Eliwaza, mama yangu. Enhe. Anaeleza na Jumapili ile, mbele ya wote, na anangoja enhe, na enhe haiji. Mchungaji anafunua kitabu chake. Baba mdogo anagusa saa ya mkononi. Vijana wameshashika kamba za kushushia jeneza. Nakijwa anaongeza jambo jingine, na jingine, jinsi mama alivyochuja chai, jinsi alivyofunga kilemba, polepole kadiri anavyoweza, maana akimaliza ndipo watakapomzika.