Vidole vya Bibi

Nilikuwa nimeegemeza kidevu mezani ili niviangalie vizuri vidole vya Bibi, Mama akanifinya paja chini ya kitambaa.

"Kaa kama binadamu, Ching."

Nikakaa kama binadamu, lakini macho sikuyaondoa. Ukoo mzima tuliizunguka meza ya duara, ghorofani, katika mkahawa tuliouzoea mtaani Sham Shui Po, na kelele zilikuwa zile zile za kila Jumapili: vikapu vya mianzi vikifunuliwa, mvuke ukitupanda usoni, wanawake wa vigari vya chakula wakinadi maandazi ya kamba. Baba mdogo Keung alisuuza vibakuli kwa chai ya moto huku akiropoka. Kigeni kilikuwa kimoja tu. Pembeni ya Baba alikaa Shangazi Yuk-sim.

Aliondoka kwenda Vancouver kabla sijajua kutembea. Babu alipozikwa hakuja, na tangu hapo Bibi hakumtaja tena. Shangazi akipiga simu, Bibi aliingia jikoni akafungulia maji. Asubuhi ile, tukipanda ngazi, nilimsikia Shangazi akimnong'oneza Baba: "Akinikataa leo, kaka, sirudi tena."

Mimi nilikuwa na namna yangu ya kujua kama Bibi amemkubali mtu. Kwetu, mtu akikumiminia chai, unagonga meza kwa vidole viwili. Umeshashukuru, na mazungumzo yanaendelea. Kugonga kwa Bibi kulikuwa kwepesi, kama ndege anayedonoa punje. Aliwagongea wahudumu. Alimgongea mzee Fung wa duka la vitambaa. Hata Mama, Bibi alimgongea kila Jumapili, nami nilijivuna kwa niaba yake. Sikuwahi kujiuliza nani hagongewi.

"Dada, buli liko mbele yako," alisema Baba mdogo. "Au huko kwenu mnasubiri chai ijimimine?"

"Nyamaza, Keung. Umenenepa mpaka mdomo."

Watu wakacheka. Bibi hakucheka. Shangazi akasimama, akalishika buli kwa mikono miwili, akaizunguka meza mpaka kwenye kiti cha Bibi.

"Mama, kunywa chai."

Kikombe kikajaa. Vidole vya Bibi vilikuwa vimelala kando yake. Nikavisubiri. Havikuinuka. Bibi akanywa funda moja, akageuka kumwita mwanamke wa kigari.

"Miguu ya kuku! Lete vikapu viwili!"

Nilimtazama Shangazi nikitarajia kumwona amekunja uso, akitafuta mkoba wake. Alikuwa amerudi kitini, kajiziba mdomo kwa kitambaa, mabega yakimtikisika. Na nilipoinama kumchungulia, machozi yalikuwa yanamtoka huku anacheka. Bibi akanyoosha vijiti vyake mwenyewe vya kulia, akadondosha mguu wa kuku katika kibakuli cha binti yake.

"Umekuwa mifupa mitupu. Kula."

Nikamvuta Mama mkono. "Mbona hakumgongea?"

"Anagongewa mtu baki, Ching. Mtoto wako akikumiminia chai, unamshukuru ya nini?"

Wakati huo Baba alikuwa amelichukua buli. Akammiminia Bibi. Vidole vilitulia. Miaka yote ile nilikuwa nakodolea macho vidole vinavyoinuka, kumbe jibu lilikuwa kwenye vinavyolala. Nilifurahi kama mtu aliyefumbua kitendawili, na kwa furaha hiyo hiyo, bila kufikiri, nikauliza lingine.

"Na wewe, Mama? Mbona wewe anakugongea?"

Nilidhani ni swali jepesi. Mama alikiinua kifuniko cha buli, akakilaza ukingoni ili tuongezewe maji ya moto.

"Bibi yako ana adabu sana," alisema.

Kisha akainuka, akajipenyeza katikati ya viti, akakifuata kigari cha vikeki vya mayai kabla meza nyingine hazijavimaliza.