Waya Hautaki Kuiva

...na kidole gumba tena, palepale kwenye kitufe cha kupashia motere moto kabla ya kuiwasha, bonyeza, shikilia, hesabu, moja, mbili, tatu, hii ni mara ya tano Firmin anahesabu tangu kupambazuka, na kale kawaya kwenye ubao wa mbele, kanakopaswa kuiva kekundu kama kaa ndipo shofere ajue joto limefika, kako vilevile, keusi, kanamwangalia, kanamcheka, basi kacheke, wamecheka wangapi, walicheka alipotoka shule darasa la nne akisema chuma kitamfundisha kuliko kitabu, na leo nani anaendesha kamiyo ambayo Mzungu aliiacha akikimbia mwaka wa sitini, si yeye, Firmin wa Kasenga ya Uvira, anayejulikana kwa honi yake kutoka kando ya ziwa mpaka huku juu Lemera... kumi na moja, kumi na mbili... "Firmin, inawaka?" Ni mama mdogo, Pétronille, sauti inapenya kwenye kidirisha cha nyuma ya kabini, sauti ya kawaida kabisa, na hiyo ndiyo inamtisha, mtu aliyepigwa risasi ya paja jana jioni akitoka shambani na kikapu cha mihogo, risasi isiyo na mwenyewe, sasa amelazwa juu ya magunia, kitambaa cha tatu kimeshalowa damu, na anauliza kama anayeuliza chai imechemka au bado. "Iko inajinyoosha tu, mama mudogo, hii baridi yenu imeilevya." Wanacheka, watu wa Lemera waliosimama na mablanketi yao, ukungu umewafika magotini, na Firmin anacheka nao, kuchekesha anajua, jana alichekesha mpaka wakamsahau mgonjwa, maana mama mdogo alisema twende hospitali kule Uvira sasa, motere ingali moto, akajibu kizuizi cha askari hakipitiki gizani, asubuhi na mapema nitaiwasha na mkono mmoja, na ni kweli kuhusu kizuizi, kweli kabisa, ila kuhusu motere hakusema yote... "Weye mutoto wa ziwa," anasema mzee Anastase, aliyeendesha malori ya misheni miaka ishirini, kiwiko juu ya mlango, "ule mukono moja iko wapi?" "Iko ndani ya koti, papa, inaota moto." Kicheko tena, kidogo zaidi, na kule bondeni pwa, pwa-pwa, bunduki, waasi au jeshi nani ajuaye, jana zilikuwa mbali kama watu wanaotwanga, sasa kila mlio una mwangwi wake, na mtu mmoja nyuma anasema, "Banapanda huku." Ishirini. Geuza ufunguo. Demarere ya kuwashia inakoroma, rrr... rr... r, nzito, oili imeganda kama ugali wa jana, na inanyamaza, batri imebakiza mara moja, pengine moja na nusu. "Weka makala ya moto chini ya tumbo yake, ile oili ilainike," anasema Anastase, mara ya pili sasa, na mara ya kwanza Firmin alimjibu kwamba kamiyo si mbuzi wa kuchoma, watu wakashika mbavu, lakini mzee hakosei, ila ameijua nusu tu, makaa peke yake hayatoshi, na nusu nyingine anaijua Firmin peke yake hapa... mwezi uliopita, Norbert, fundi wa Kasenga, vidole vyeusi, akimwambia buji moja imekufa, zile za kuipasha motere moto, ndugu yangu, na zimefungwa kwa mfuatano, moja ikifa zote zinakosa moto, ngoja siku mbili nikutafutie, na Firmin akicheka, Uvira iko na baridi gani, hapa motere inaamka kabla yangu! Na kweli iliamka, kila asubuhi, kando ya ziwa, mwezi mzima, nani wa Uvira anakumbuka baridi? Norbert akafunga uzi mwekundu kwenye ile buji ili asisahau, na uzi uko pale, kapo, kifuniko cha motere, ikifunguliwa mzee atauona, atauliza, na watu wote hawa... kwa hiyo kidole kinabonyeza kitufe kisichopeleka kitu popote, mara tano, kinahesabu, na paja linavuja. Kipande cha waya tu. Kuiruka ile iliyokufa, nyingine zipate moto, makala chini, nusu saa. Nusu saa ambayo ameimaliza akichekesha. "Firmin?" Mara ya sita, moja, mbili... anamhesabia nani? Kawaya keusi. Ukungu haujasogea. "Papa Anastase," anasema, na kidole gumba kinaachia kitufe, "leta makala. Na muntu anipe waya, hata ya uzio. Buji moja ilikufa, miye nilijua tangu Uvira." Anangoja kicheko. Anastase ameshaondoka mlangoni, anakwenda kuyaleta. Bonde linapiga tena, karibu, motere kimya, na kutoka kwenye kidirisha, taratibu, mama mdogo anasema: "Haya. Sasa shuka ufanye kazi."