Kidole cha Tano

Kiwanda cha rangi kilipotimiza miaka hamsini, kila mfanyakazi alipewa fulana na kijitabu cha historia. Mbandika lebo alikisoma amesimama kando ya mapipa, na alipofika ukurasa wa tatu akashikwa na kinyaa. Harufu ya rangi alikua nayo tangu utotoni. Uongo wa mchana kweupe namna ile ndio uliomshinda.

Makopo yao yalijulikana kila nyumba kwa alama ya kiganja chekundu chenye vidole vinne. Kiganja hicho kilikuwa cha mama yake. Ndiye aliyekoroga rangi za kwanza, kiwanda kikiwa bado banda la mabati, mpaka mashine ya kukorogea ikamla kidole cha shahada. Alirudi kazini kidonda hakijakauka vizuri, akateleza, akajishikiza kwenye kopo jeupe kwa mkono uliolowa rangi. Mwenye kiwanda akacheka, akasema hiyo ndiyo alama. Tangu hapo mama alingoja kitu kimoja tu: siku wakiandika historia, wamtaje.

Kumbe shukrani ya punda ni mateke. Kijitabu kilisema mkono ule ulikuwa wa mke wa mwenye kiwanda, bibi ambaye hata ufagio hakuwahi kuushika. Na kiganja kilichochorwa upya sasa kilikuwa na vidole vitano.

Alimfuata bwana wa matangazo. Bwana akamwambia, kwa sauti laini iliyozidi kumchefua, kwamba vidole vinne viliwatisha wateja, ila mama anakaribishwa kwenye sherehe, ataketi mstari wa mbele. Mbandika lebo alitamani kumtapikia viatu.

Jioni alimsomea mama yake yote, bila kuruka neno. Mama akavuta kopo jipya ambalo mwanawe alikuja nalo, akaweka kiganja chake juu ya lebo. Vidole vinne vilikaa sawasawa. Cha tano, cha kuchorwa, kilibaki kikichungulia kwenye pengo.

“Hawakunitaja?”

“Hawakukutaja, mama.”

“Kidole changu kiliingia kwenye pipa, mwanangu. Nilidhani watalimwaga. Walilikoroga, wakalifunga, wakaliuza.” Akalisukuma kopo mbali, akafuta mkono kwenye kanga. “Sherehe yao siendi. Waambie kama kidole wanakitaka, waanze kukwangua kuta za watu.”