Pazia Jichoni mwa Digrii

Mambo yaliharibika Ijumaa ileile binti alipovaa joho la mahafali. Asubuhi alikuwa mwanafunzi na bima ya wanafunzi ilimkinga. Jioni, watu wakiwa bado wanampigia makofi, bima ilikuwa imeshakwisha. Hakuna aliyemwambia. Jicho la kushoto lilikuwa limeanza kumsumbua tangu kabla ya mitihani, vidoa vyeusi vikielea mbele yake kama masizi, lakini kaka yake alimwambia kwenye simu, "Maliza shule kwanza, hospitali haihami." Nyumba nzima ikaunga mkono. Kwao hakuna aliyejua kwamba huko ugenini, kumaliza shule ndiko kunakoihamisha hospitali.

Aliomba ukazi wa kudumu, na akisubiri jibu alipata kazi kwa fundi mmoja mgane, mwenye duka la kurekebisha nguo. Fundi huyo alisoma kiasi cha kuandika jina lake na vipimo vya kiuno. Alimwita Digrii, na jina likamganda.

Jumatatu moja Digrii alikuwa anapandisha pindo la suruali. Alilamba uzi, akalenga tundu la sindano, uzi ukapita pembeni. Akalenga tena.

"Digrii, sindano inakukimbia?" fundi akauliza bila kuinua kichwa.

"Fundi, kuna pazia."

"La mteja gani?"

"La jichoni. Limeshuka kutoka juu, na halipandi."

Fundi akasimamisha cherehani. Marehemu mkewe naye alianza kwa kusema ni kitu kidogo tu, wakamzungusha hospitalini dirisha hadi dirisha mpaka kikawa kikubwa. Akachukua kofia, akafunga duka mchana kweupe.

Hospitalini kulikuwa na daktari wa macho ambaye fundi ndiye aliyempunguzia upana wa makoti yake yote. Akawaingiza kati ya wagonjwa wawili, kwa hisani. Digrii akaweka kidevu kwenye mashine, taa ikamulika, na kwenye skrini ya ukutani pakatokea duara kubwa la rangi ya chungwa. Ndani yake mishipa ilitambaa na kugawanyika, kama mito aliyoiona chini siku alipopanda ndege kwa mara ya kwanza.

"Hili ni langu?" akanong'ona.

"Lako. Huko nyuma kabisa ndiko unakoonea."

Digrii akasahau kuogopa. Fundi alikuwa amevua kofia.

"Yaani mtu anatembea na kitu kama hiki kichwani," fundi akasema, "halafu anakitumia kuchagulia vitunguu."

Daktari akacheka, kisha akaweka kidole sehemu ya chini, palipokuwa na mkunjo wa kijivu. "Hapa chini, panapoona vya juu, pamechanika. Utando unabanduka kama rangi ya ukuta ulioingia maji. Ukibanduka mpaka hapa katikati, jicho ndiyo basi. Atibiwe leo, au kesho asubuhi. Wataurudisha mahali pake, halafu wataushikiza kwa mwanga."

"Kwa mwanga?" Fundi akasogea karibu. "Bila uzi?"

"Bila uzi, mzee."

Fundi alishuka ngazi zote akiangalia vidole vyake.

Chini, dirishani, karani aliigonga kadi ya Digrii kwa kucha. "Hii imekufa. Wewe si mwanafunzi tena."

"Nimeomba ukazi wa kudumu."

"Bima ya wakazi inaanza kibali kikitoka."

"Kitatoka lini?"

"Hiyo si idara yetu, dada. Na bima za watu binafsi hazichukui jicho ambalo limeshaanza kuumwa. Labda ulipe pesa zote, tena kabla ya kutibiwa."

"Si ni dharura?" fundi akauliza.

"Dharura ni mtu anayekufa, mzee. Jicho haliui."

Hakuwa mkorofi. Alisema kama alivyofundishwa. Waliomfundisha wako juu zaidi, wana macho yao mawili mazima, na hakuna dirisha la kuwauliza.

"Hebu nieleweshe, maana mimi shule sikufika mbali," fundi akasema. "Jengo hilihili, ghorofani, wanashikiza jicho kwa mwanga. Nimeelezwa sasa hivi. Na nyie hapa chini mmeshindwa kuunga bima mbili?"

Karani alitazama kompyuta yake. "Namba inayofuata."

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliiangalia namba yake, akamwangalia Digrii, akabaki amekaa. Hakuna mwingine aliyeinuka.

Digrii hakuondoka. Aliziba jicho la kulia kwa kiganja, akamtazama karani kwa lile la kushoto. Nywele, paji la uso na macho ya karani havikuwapo. Kilichobaki ni kidevu tu, kikining'inia chini ya giza.

"Dada," akauliza kwa upole, "pazia likifika chini kabla kibali hakijatoka, nirudi hapa nimuulizie nani?"